Tangawizi si ya kila tumbo: Ayurveda, asidi na chakula

Mtu akisema tumbo linamchoma, ushauri humjia kutoka pande zote. Chemsha tangawizi. Tafuna karafuu. Kunywa maziwa baridi kabla ya kulala. Koroga manjano na asali. Kila mshauri ana mtu anayemjua aliyepona, na huenda ni kweli. Ila kikombe hicho hicho cha tangawizi kilichomtuliza mmoja kinaweza kumwamsha mwingine usiku wa manane, koo likiwaka na mdomo ukiwa mchungu, na wote wawili wakaapa kwamba wametumia Ayurveda. Wameitumia nusu. Wamechukua dawa wakauacha utambuzi, na katika tiba hii utambuzi ndio unaoamua dawa itasaidia au itaharibu.

Ayurveda ni mfumo wa tiba uliozaliwa India, na vitabu vyake vikongwe, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa takriban miaka elfu mbili. Huuangalia mwili kupitia nguvu tatu: vata, yenye ukavu na mwendo kama upepo, pitta, yenye joto na ukali, na kapha, yenye uzito, ubaridi na utelezi. Kazi ya kumeng'enya chakula imepewa agni, yaani moto wa tumbo. Wasomaji wengi huishia hapo, kisha wanahitimisha kwamba tumbo likisumbua basi moto umefifia na unahitaji kuchochewa kwa viungo vikali. Charaka, tabibu ambaye kitabu cha kwanza kina jina lake, hakusema hivyo. Aliugawa moto huo katika hali nne, na ni moja tu kati ya hizo inayohitaji kuchochewa moja kwa moja.

Hali ya kwanza ni moto ulio sawa: unakula, chakula kinashuka, njaa inarudi kwa wakati wake. Huyo hana haja ya makala haya. Ya pili ni moto usiotabirika, unaoendeshwa na vata. Leo maharage yanapita vizuri, kesho maharage yale yale yanalijaza tumbo gesi, linanguruma, linasokota, na choo hakieleweki. Ya tatu ni moto mkali wa pitta: njaa inakuja haraka na kwa hasira, chembe cha moyo kinaungua, mbeuo ni mchachu, na ukichelewa kula kichwa kinauma. Ya nne ni moto mzito wa kapha: umekula kidogo, saa nne zimepita, na bado unahisi chakula kimekaa pale pale. Hamu ya kula hakuna, na kichefuchefu kipo kwa mbali.

Tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, mchanganyiko wa kale uitwao trikatu, ni dawa ya huyo wa nne. Wa pili naye hufaidika na tangawizi kidogo, hasa mbichi. Wa tatu akipewa trikatu anaongezewa kilichomzidi tayari. Na kiungulia, ambacho ndicho huwapeleka wengi kutafuta tiba za asili, mara nyingi ni shida ya huyo wa tatu.

Ugonjwa wenyewe katika Ayurveda huitwa amlapitta, pitta iliyochacha. Madhava, tabibu aliyeandika kitabu mashuhuri cha utambuzi wa magonjwa karibu karne ya 7 au ya 8, aliupa sura yake na kuugawa sehemu mbili: unaopanda na unaoshuka. Unaopanda huleta mbeuo mchachu, kichefuchefu, kutapika na kuungua kifuani na kooni. Unaoshuka huishia kwenye matumbo na choo. Mgawanyo huo una akili kuliko unavyoonekana, kwa sababu daktari wa leo naye huanza kwa kuuliza: kinachokuchoma kinapanda kifuani au kimebaki tumboni?

Asidi haina kosa

Tumbo hutengeneza asidi ya hidrokloriki yenye pH ya kati ya 1 na 2 hivi, kali ya kutosha kuua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula na kuanza kuvunja protini. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limetandikwa ute mzito wenye baikaboneti. Umio, yaani mrija wa kushushia chakula, hauna tandiko hilo. Kati ya viwili hivyo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya vali. Ukilegea wakati usiofaa, asidi hupanda na mtu huhisi kiungulia, hata kama kiasi cha asidi yake ni cha kawaida kabisa. Kwa hiyo wengi wanaosema wana "asidi nyingi" wana asidi ya kawaida iliyokwenda mahali isipopaswa kuwa.

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine. Kwa miaka mingi viliaminika kuletwa na mawazo na pilipili, hadi Barry Marshall na Robin Warren, kule Perth nchini Australia, walipoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa. Marshall alifikia hatua ya kunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na utando wa ndani wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo cha pili kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza ule ute unaolinda tumbo. Mtu anayemeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo kila siku, kisha akanywa mitishamba kwa ajili ya tumbo, atazunguka palepale mpaka suala la vidonge vya mgongo lizungumzwe na daktari.

Kundi la tatu, na ni kubwa, ni la watu ambao endoskopi, ile kamera inayoshushwa kooni, haioni kidonda wala mchubuko. Maumivu yapo, kushiba haraka kupo, gesi ipo, lakini picha ni safi. Hapa tumbo linachelewa kutoa chakula, au neva zake zimekuwa nyepesi mno kuhisi. Kwa maoni yangu ni kundi hili ambalo Ayurveda ina la maana zaidi la kuliambia, kwa sababu hospitali mara nyingi huwa imemaliza vipimo vyake na kubaki na vidonge vya kupunguza asidi ambavyo kwa baadhi yao havisaidii sana.

Dawa zenyewe, moja moja

Tukizitazama dawa za Ayurveda kwa kazi zinazofanya, zinaeleweka upesi zaidi kuliko kwa majina. Kuna zinazotandika, zinazozima, zinazosukuma, na zinazolegeza gesi.

Urukususu, unaojulikana Ayurveda kama yashtimadhu, ndio mfalme wa zinazotandika. Ni mzizi mtamu ambao huongeza ute wa tumbo. Kutoka kwenye mzizi huu ndiko kulikotoka karbenoksoloni, dawa iliyotumika Ulaya kutibu vidonda kabla ya dawa za kisasa za asidi kuingia. Iliachwa kwa sababu ambayo kila mnywaji wa urukususu anapaswa kuijua. Mzizi huu una glisirizini, kemikali inayoufanya mwili kushikilia chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Ukinywa kwa wiki kadhaa mfululizo, presha inaweza kupanda, miguu kuvimba, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, anayetumia dawa za kukojoza maji, na mjamzito, wote waukwepe. Ipo aina iliyotolewa glisirizini, na hiyo ina usalama zaidi.

Amla inashangaza. Ni tunda chachu kiasi cha kukunja uso, na kanuni ya Ayurveda inasema ladha ya uchachu, ya chumvi na ya ukali huongeza pitta, huku ladha tamu, chungu na ya ukakasi zikiipunguza. Iweje basi amla iwe dawa kuu ya amlapitta? Jibu la matabibu ni kwamba ladha ya ulimini ni mwanzo tu. Kuna nguvu ya kitu baada ya kuingia mwilini, na kuna tabia yake baada ya kumeng'enywa. Amla inahesabiwa kuwa na nguvu ya ubaridi na mwisho mtamu, hivyo inavunja kanuni ya ladha yake yenyewe. Maabara ina lugha tofauti: tunda hilo limejaa vitamini C na tanini, zile zinazoleta ukakasi. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2018, lililofanywa Iran kwa watu 68 wenye kiungulia bila michubuko ya umio, liliona wanaomeza amla wakipungukiwa na kiungulia na kucheua kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Ni jaribio dogo la wiki nne. Linatia moyo, lakini halitoshi kumfanya mtu atupe dawa zake.

Za kuzima asidi zina kichekesho chake. Shankha bhasma, majivu ya kombe la baharini lililochomwa, imetumika kwa karne nyingi kutibu mbeuo mchachu, na inafanya kazi kwa sababu iliyo wazi: kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye vidonge vya kutafuna vya kuzima asidi vinavyouzwa duka lolote la dawa. Anayedhani amekimbia dawa za kemikali kwa kunywa shankha bhasma hajakimbia popote. Na kama vidonge vile, nafuu yake ni ya muda mfupi na inaweza kuleta choo kigumu.

Upande wa gesi na msokoto kuna mbegu za jikoni: binzari nyembamba, giligilani na shamari. Chai ya mbegu hizi tatu ndiyo ningeanza nayo kama ningekuwa na ile hali ya pili, ya tumbo lisilotabirika. Kijiko kidogo cha kila moja, maji kama lita moja, chemsha dakika tano, chuja, kunywa vuguvugu kidogo kidogo baada ya milo. Mafuta yaliyomo kwenye shamari na binzari hulegeza misuli ya utumbo na kuiachia gesi. Giligilani na shamari zinahesabiwa kuwa baridi, kwa hiyo hata mwenye pitta hazimchokozi. Iliki nayo ni ya upole. Karafuu, pilipili manga na tangawizi kavu ni za moto, na hapo ndipo michanganyiko ya "kusafisha tumbo" inapokosea, kwa kuzimimina zote kwa pamoja.

Tangawizi ina haki yake. Majaribio yameonyesha kwamba huharakisha tumbo kutoa chakula, na kwa kichefuchefu ushahidi wake ni mzuri. Mwenye kushiba haraka na uzito baada ya kula anaweza kuijaribu kabla ya mlo, vipande viwili vitatu vyembamba vya mbichi na chembe ya chumvi. Mwenye kiungulia aanze kwa tahadhari au asianze kabisa. Nanaa nayo ina mtego wake: hutuliza msokoto wa utumbo, lakini hulegeza ile vali ya juu pia, kwa hiyo chai ya nanaa usiku kwa mtu anayecheua ni mwaliko wa kiungulia.

Kisha kuna unga maarufu wa avipattikar, ambao wengi huununua wakiamini ni viungo vitupu. Kwa kanuni yake ya kale, nusu ya unga wote ni sukari, na theluthi moja ni mzizi wa trivrit, ambao ni wa kuharisha. Viungo vingine vyote, karafuu, tangawizi, iliki, amla na wenzao, vinagawana sehemu iliyobaki. Nadharia yake inaeleweka: pitta iliyozidi itolewe kwa njia ya chini. Kwa mtu mwenye choo kigumu anayeungua baada ya kula, kweli huleta nafuu. Mwenye kisukari, anayeharisha, au mjamzito, haumfai. Na si kitu cha kulamba kila usiku kwa mwaka mzima.

Maziwa nayo yana sifa yasiyostahili. Yakishuka huzima asidi kwa dakika chache na kutoa raha ya kweli, kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Mtindi uliopunguzwa kwa maji, wenye binzari iliyokaangwa kidogo, husifiwa sana na Ayurveda kwa tumbo zito na lenye gesi. Kwa tumbo linaloungua, mtindi mchachu si rafiki.

Namna ya kula kuliko unachokula

Charaka aliandika masharti ya mlo ambayo daktari yeyote angeweza kuyatia saini leo. Kula chakula chenye joto na kilicho na mafuta kiasi. Kula kwa kipimo. Subiri mlo uliotangulia umeng'enyeke. Usile kwa haraka wala kwa kuvuta mno. Usile huku ukiongea na kucheka. Uwe na akili yako kwenye chakula. Kuhusu kipimo alisema tumbo ligawanywe sehemu tatu: moja ya chakula kigumu, moja ya majimaji, na moja iachwe wazi kwa ajili ya mwendo wa zile nguvu tatu. Sababu ya kisasa ni rahisi: tumbo lililotanuka kupita kiasi ndilo linaloifungua vali.

Mlo mkubwa uwe wa mchana. Ayurveda huhesabu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana kuwa saa za pitta, na tena saa nne usiku hadi saa nane usiku. Utoaji wa asidi kwa mtu ambaye hajala huelekea kupanda katika saa hizo hizo za usiku. Sitasema watu wa kale walilijua hilo kwa vipimo, lakini anayekula saa tatu usiku na kulala saa nne anapeleka tumbo lililojaa, akiwa amelala chali, kwenye saa mbaya kuliko zote. Kumaliza kula muda wa angalau saa tatu kabla ya kulala hupunguza kiungulia cha usiku kwa watu wengi kuliko unga wowote niliokwisha kuutaja. Kuongeza mito kichwani hakusaidii sana, kwa kuwa hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, au weka kitu cha mteremko chini ya godoro. Lala ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ubavu huo huiacha asidi chini ya mdomo wa umio.

Vyakula vinavyotajwa kwa pitta ni vya upole: shayiri, wali, choroko, mumunye, komamanga, samli kidogo. Vinavyokatazwa ni pilipili, vyakula vya kukaanga, siki, achari, pombe, na mlo uliolala. Orodha hii usiigeuze dini. Kuna mtu anayeungua kwa nyanya na hana shida na pilipili. Andika kwa wiki mbili ulichokula, saa uliyokula, na saa tumbo lilipouma. Daftari hilo litakuambia zaidi ya orodha ya mtu mwingine. Kahawa, soda, chokoleti na sigara zianze kuchunguzwa mapema. Na uzito: kwa mwenye kitambi, kupungua kilo chache huondoa mkandamizo unaoisukuma asidi juu, jambo ambalo hakuna mzizi unaoweza kulifanya.

Pale Ayurveda inapodhuru

Tiba za kale za amlapitta zilijumuisha kutapishwa kwa makusudi, na bado wapo wanaofundisha kunywa maji ya chumvi na kutapika asubuhi. Usifanye hivyo nyumbani. Kila tapiko hupitisha asidi kwenye umio uleule unaotaka kuuponya.

Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye vidonge. Tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra hutumia madini, ikiwamo zebaki na risasi, kwa imani kwamba maandalizi huondoa sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa eneo la Boston, Marekani, na kukuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Uliofuata mwaka 2008, kwa bidhaa 193 zilizouzwa mtandaoni, ulikuta takriban moja kati ya tano. Sumu ya risasi dalili zake ni pamoja na maumivu makali ya tumbo na choo kigumu, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza dozi ya kitu kilekile kinachomuumiza. Mbegu nzima na mizizi unayoitambua kwa macho ni salama kuliko kidonge cheusi kisicho na orodha ya vilivyomo. Manjano ya kupikia hayana neno, lakini vidonge vya manjano vilivyokolezwa, hasa vyenye pilipili manga, vimehusishwa na ini kudhurika kwa baadhi ya watu.

Yapo maumivu ambayo hayasubiri chai. Kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kooni, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayohamia chini upande wa kulia, tumbo kuwa gumu kama ubao, au kuungua kifuani kunakoambatana na jasho, kukosa pumzi au maumivu ya mkono na taya: hapo ni hospitali, saa hiyo hiyo kwa mengi yake. Aliyeanza kusumbuliwa kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima wa makamo naye apimwe kabla ya kujitibu.

Na kipimo cha Helicobacter pylori, cha choo au cha pumzi, kisiachwe. Bakteria huyo hatoki kwa amla wala urukususu. Huhitaji antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazo zinaweza kumficha bakteria huyo, kwa hiyo husimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, kwa makubaliano na daktari. Anayeziacha ghafla baada ya kuzitumia miezi mingi ajue asidi hurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa. Ni afadhali dozi ipunguzwe taratibu. Shankha bhasma na vidonge vya kalsiamu visimezwe pamoja na antibiotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini, au vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu huvishika tumboni visifyonzwe. Acha pengo la angalau saa mbili, na saa nne kwa anayetumia homoni ya tezi ya shingo.